Wakili wa Mkwe Wangu

Mkwe wangu alipoamua kumwacha mwanangu, mimi ndiye niliyemsindikiza kutafuta wakili. Mkinikodolea macho sishangai. Hata jirani yangu wa ukutani, ambaye hajawahi kukosa la kusema, siku ile alikosa. Lakini ngojeni niwaeleze, kisha mnihukumu mkiwa mmekaa.

Mwanangu ni mpima ardhi. Anajua mpaka wa kiwanja cha kila mtu isipokuwa wa nyumba yake mwenyewe. Mwaka juzi alipata kazi mji mwingine, akasema anatangulia kutafuta mahali pa kukaa, kisha atatuita. Kila tukimpigia simu anasema kesho. Kesho nitakuja, kesho nitatuma gari, kesho tutaongea vizuri. Mwishowe jina nililompa mwenyewe nikaliweka kando, nikawa namwita Kesho, na yeye akawa anaitika, hana habari kwamba anasemwa. Baadaye tukasikia kuwa huko alikotangulia yuko mwanamke anayempikia, na kwamba nyumba alishaipata siku nyingi.

Tukabaki mimi na mkwe. Mkwe wangu ni fundi miwani, ana duka dogo karibu na hospitali. Anakata vioo, ananyoosha fremu ambazo watu wamezikalia. Anaweza kushinda kutwa na koleo lake dogo asiseme chochote ila "Tazama huku" na "Inabana?" Mimi maneno ninayo ya kutosha watu wawili, kwa hiyo tulielewana. Asubuhi kabla ya kwenda kazini ananiwekea chai mezani, kikombe kimefunikwa na kisahani isipoe. Jioni tunatazama taarifa ya habari, mimi nawasema watangazaji, yeye anacheka chinichini. Mtoto hawakujaliwa. Nilikuwa nikimtania kwamba mtoto wa ndoa ile ni mimi, tofauti ni kwamba wenzangu wanaota meno na mimi yangu yanang'oka.

Basi siku moja tunakunja nguo zilizokauka, akaniambia, "Mama, nataka kwenda mahakamani kuomba talaka." Alisema akiitazama shuka.

Nikaendelea kukunja. Nikasema, "Haya." Lakini moyoni nikawa najiuliza. Mke anaweza kumwacha mume, hilo tunalijua, ila mama mkwe anaachwa vipi? Anahesabiwa upande wa mume, anabebwa na masanduku yake. Mimi sikutaka kwenda kuishi na Kesho na mpishi wake. Nilitaka kukaa palepale, na kikombe changu, na fundi miwani wangu. Nawaambia mapema, msije mkadhani nilikwenda kwa mawakili kwa wema mtupu.

"Wakili unaye?" nikamwuliza.

"Bado."

"Basi tutakwenda wote. Nitakuchagulia mimi."

Akacheka. "Mama, unamchagulia nani wakili, mimi au mwanao?"

"Nachagua mtu mwaminifu. Akiwa mwaminifu atatufaa sote."

Msinione hivi, kuchagua najua. Nimeuza nguo za mitumba maisha yangu yote ya kazi. Mtindo wangu ulikuwa mmoja tu: nguo ikiwa imechanika, namwonyesha mteja pale palipochanika kabla hajauliza bei. Wenzangu walinicheka, lakini wateja walirudi kwangu. Kwa hiyo nilipanga kila wakili nimwulize kesi yetu imechanika wapi. Akisema haijachanika popote, tunaaga. Tena nikamwambia mkwe asinitaje mimi ni nani.

"Wakijua mimi ni mama wa mume watafunga midomo," nikamwambia. "Tuwaache waseme."

"Kwa hiyo tunatafuta mwaminifu kwa kudanganya."

"Sidanganyi. Nanyamaza."

"Wewe, mama?" akasema. "Hilo nitapenda kuliona."

Wakili wa kwanza alikuwa ghorofani. Ofisi ina ubaridi wa kukutoa makamasi, viti vinanata, na ukutani kuna picha zake akipeana mikono na watu wenye suti. Manukato yake tulianza kuyasikia tukiwa bado kwenye ngazi, na mimi nikambatiza hapohapo, Wakili Manukato. Alinitazama akajijibu mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyemzaa mkwe. "Pole sana mama," akaniambia. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ni wewe." Nikamwambia ni kweli, naumia.

Akamgeukia mkwe. Mume anakupiga? Hapana. Ni mlevi? Hapana. Anakutukana? Hapana, haji tu. Wakili akapumua kwa nguvu kama mtu aliyefungua friji akakuta tupu. "Hapo patakuwa pagumu. Hakimu anataka kusikia kitu." Akagonga kalamu mezani, halafu uso ukamng'aa. "Mama mkwe yupo?"

"Yupo," mkwe akasema. Macho yake yalikuwa darini.

"Mnaishi naye nyumba moja?"

"Naishi naye."

"Basi tumeshapata. Anakusema? Anaingia chumbani kwako bila hodi? Anakunyima chakula?"

"Chakula napika mimi."

"Anakutumikisha jikoni," akaandika. "Safi. Tutasema mama mkwe ndiye aliyeivunja hii nyumba. Wala hatutahangaika kuthibitisha sana. Hakimu naye ana mama mkwe, ataelewa."

Mkwe alikuwa ameuma mdomo mpaka umekuwa mweupe. Mimi niliahidi kunyamaza, na nilinyamaza kwa kadiri mtu anavyoweza. "Na kama huyo mama ni mtu mzuri?" nikauliza.

"Mama yangu, mama mkwe mzuri hajazaliwa."

"Alizaliwa," nikamwambia. "Tena alizaliwa kabla yako." Nikamwuliza swali langu, kesi imechanika wapi. Akasema haijachanika popote, hii ni ya kwetu, tulale usingizi. Tukaaga. Kwenye ngazi mkwe alikaa chini akacheka mpaka machozi, mkoba umemdondoka. "Lakini mama," akaniambia akijifuta, "kwa nini unaninyima chakula?"

Wakili wa pili hatukumaliza naye hata soda aliyotuagizia. Simu sikioni, simu mezani, na sisi katikati. Alituambia talaka si kitu, ana rafiki masijala kule wanakopokea majalada, na ana mwingine karibu na hakimu. Mume hana haja ya kusumbuliwa. Atakuja kusikia tu kwamba imeshatoka. Mkwe akauliza, "Kwa hiyo hataitwa ajibu?" Wakili akamwambia ajibu nini, mwanaume amekukimbia, mwache alipo. Hapo nilisimama mimi. Kesho ni kichwa maji, sikatai, lakini ni kichwa nilichokizaa, na sitaki kisomewe hukumu ya siri. Na mtu anayeweza kumzunguka yule angeweza kutuzunguka na sisi.

Niseme ukweli, nilirudi nyumbani nimefurahi. Kila wakili mbaya alikuwa ananiongezea asubuhi nyingine za chai mezani. Nadhani mkwe aliliona, maana usiku ule akiosha vyombo aliniuliza bila kugeuka, "Mama, na wa tatu naye akiwa mbaya?"

"Tutatafuta wa nne."

"Na wa nne?"

"Mawakili ni wengi, mwanangu."

Alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Wa tatu alikuwa mwanamke, ofisi yake iko nyuma ya duka la kutoa nakala. Feni inazunguka na majalada yamekandamizwa kwa mawe yasipeperuke. Miwani yake ilikuwa imekaa upande, bawaba moja imefungwa kwa uzi, na nilimwona mkwe anakaza mikono mapajani isije ikanyoosha kitu. Hakutupa pole. Alichukua kalamu akauliza, "Kati yenu mteja ni nani?"

"Ni huyu," nikasema.

"Na wewe mama?"

"Nimemsindikiza."

"Umemsindikiza kama nani?"

Jamani, hilo swali hakuna aliyekuwa ameliuliza. Mkwe akanitazama, anangoja aone nitanyamaza vipi. Nikasema, "Mimi ni mama yake."

"Ndiye uliyemzaa?"

Mkwe akaniokoa, au akaniuza, mpaka leo sijaamua. "Ni mama wa mume wangu," akasema.

Wakili akaweka kalamu chini. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. "Shikamoo mama," akaniambia.

"Marahaba."

"Naomba utupishe, ukae pale nje."

Nikamwambia, "Mwanangu, mwenye kuchagua wakili hapa ni mimi."

"Ndiyo maana nakuomba. Atakayoniambia humu ni siri yake. Ukiyasikia, siku moja unaweza kuulizwa uyaseme, tena na upande wa mwanao. Halafu mama, usinichukie, mimi bado sijajua. Hii talaka anaitaka yeye, ama kuna mtu asiyeitaka? Nataka kusikia kwa mdomo wake, na huo mdomo tangu mmeingia haujapata nafasi."

Hasira zikanipanda. Nikamwuliza swali langu hivyohivyo nikiwa nimesimama, kesi yetu imechanika wapi. Akasema hajaisikia, kwa hiyo hajui, na akishajua atamwambia mwenye kesi. Nikatoka shingo upande.

Nje kuna benchi na ile mashine ya nakala. Nawaambia, kila nikitega sikio mlangoni, mtu anakuja na cheti chake na mashine inaanza kunguruma. Nilikaa pale nikiwachukia watu wote wenye vyeti. Mlango ulipofunguliwa, mkwe alikuwa na macho mekundu.

"Amesemaje?"

"Mama, amekutoa ili usisikie. Nikikuhadithia yote hapa benchini si bora ungebaki ndani?"

Lakini tukiwa njiani alinieleza ya kisheria, yale yasiyo ya siri. Haitakuwa haraka. Kwanza watapitia kwa wasuluhishi, waulizwe wote wawili kama kuna la kupatana. Likikosekana, wakili ataandika maombi ya talaka, na humo haliingii neno lisilo kweli: mume aliondoka lini, imekuwaje tangu hapo, nani anajua. Maombi yatafunguliwa masijala, yagongwe muhuri, kisha nakala na wito vipelekwe kwa mume. Lazima apate, na lazima apewe nafasi ya kujibu. Akikubali mambo yatakuwa mafupi, akipinga wataleta mashahidi. Nyumba waliijenga wawili, kwa hiyo asitegemee kuipata yote eti kwa sababu ana hasira. Na mpaka hakimu atamke, yeye bado ni mke wa mtu.

"Na amesema naweza kushindwa," mkwe akamalizia. "Hakimu anaweza kuniuliza, kama ndoa ilikwisha siku ile alipoondoka, kwa nini nimekaa kimya muda wote huu. Amesema hapo ndipo penye udhaifu, na hapo hawezi kunisemea. Nitajibu mwenyewe."

Roho haikutaka, lakini nguo ilikuwa imeonyeshwa tundu. "Basi ndiye," nikasema. Ilinitoka kwa shida, kama jino.

Mkwe alitaka kumtengenezea ile miwani. Wakili akakataa kupewa kitu na mteja, akasema atakuja dukani kama mtu mwingine yeyote. Alikuja kweli, akapanga foleni nyuma ya mzee mmoja aliyekalia fremu yake, akalipa, akaondoka ananiona vizuri pale nilipokaa mlangoni.

Kwa wasuluhishi Kesho hakutokea. Alisema atakuja siku ya pili yake. Maombi yakafunguliwa, na wito ulipomfikia akanipigia simu. "Mama, nimeletewa karatasi."

"Zisome."

"Nitazisoma kesho."

"Zisome leo. Hizo zina tarehe, hazikungoji kama sisi."

Safari hii alikuja. Nilimwona kwenye korido ya mahakama, amenenepa, tai imemkaba, anatafuta pa kuweka macho. Nilimpenda palepale, mjinga wangu, na nilitamani kumzaba kofi. Hakupinga chochote. Walikubaliana nyumba abaki nayo mke, yeye achukue kiwanja chao cha nje ya mji, ambacho alikipima mwenyewe kwa hiyo mipaka haina ubishi. Mke wake alipokuwa akisimama kutoa maelezo, Kesho akanyoosha mkono kwa hakimu. "Na mama nitamchukua mimi," akasema, kama mtu anayekumbuka kabati.

Hakimu akamtazama juu ya majalada. "Mahakama hii haigawi wazazi," akasema. "Kaa chini." Watu wakacheka kidogo, na mimi nikacheka. Lakini nilijua nimeshagawiwa. Nani angebishana na mtoto anayemtaka mama yake?

Mkwe akala kiapo, akashika ubao wa kizimba. Hakimu akamwuliza lile swali, karibu neno kwa neno kama wakili alivyotabiri. Unasema mumeo aliondoka mwaka juzi na ndoa ikaishia hapo. Mbona umechelewa kuja? Wakili wetu hakuinuka. Alikaa ameweka mikono juu ya jalada. Mimi kwenye benchi jibu nilikuwa nalo tayari, nililifanyia mazoezi: mkwe wangu ni mvumilivu, alikuwa akimngoja mumewe arudi. Nusura nilitamke.

"Sikuwa namngoja yeye," mkwe akasema.

Alisema polepole, kwa ile sauti yake ya dukani. "Yeye aliondoka. Mama yake alibaki. Niliogopa talaka ikitoka nitakuwa nimemwacha mama pia, aende kukaa mahali asipopataka. Sikujua kuna namna gani ya kuomba niachane na mmoja nibaki na mwingine. Nikanyamaza. Nilikuwa nanyamaza kila siku."

Hakimu aliandika. Mimi muda wote ule nilidhani ni mimi ninayemng'ang'ania yeye, nawakataa mawakili moyoni nikishangilia, naiba asubuhi moja moja. Kumbe mwenzangu alikuwa amekaa ndani ya ndoa iliyokufa kwa ajili yangu. Kwa ajili ya kikombe cha chai na taarifa ya habari. Nililia palepale kwa sauti, mpaka karani akaniletea maji. Nilijaribu kumwambia hakimu samahani, na hata hiyo haikutoka.

Talaka ilitolewa siku hiyohiyo. Hakimu alisema ndoa imevunjika pasipo kutengenezeka, akagonga, akaita jalada jingine. Nimeshauza shati moja kwa muda mrefu kuliko huo.

Nje, Kesho alinifungulia mlango wa gari. "Twende mama. Vitu vyako tutavifuata kesho." Mkwe alikuwa amesimama pembeni, karibu na ukuta, anapanga upya vitu kwenye mkoba ambavyo havikuvurugika. Hakuniita. Hakunitazama hata mara moja, nami nilielewa kwamba anafanya hivyo kwa makusudi, ili nisivutwe.

"Nenda mwanangu," nikamwambia Kesho. "Nitakuja kuwatembelea. Mwambie huyo anayekupikia apunguze mafuta, utapasuka." Akacheka kwa aibu, akanikumbatia kwa nguvu kama alivyokuwa akifanya zamani, akaondoka. Namlaumu mengi, lakini hakubisha.

Tukaanza kutembea, mimi na mkwe, au sijui nimwite nani sasa. Tulipofika kwenye kona nikamshika mkono nikamsimamisha.

"Siku moja utapata mtu," nikamwambia.

"Mama, hata mtaa wa mahakama hatujautoka."

"Nisikilize, leo nimesema machache. Ukimpata, usikae tena ukinifikiria mimi. Niambie siku hiyohiyo. Nitalia, sikufichi, nitalia sana. Halafu nitafungasha nguo zangu, niende kwa mwanangu, na wewe uishi."

Alinitazama, macho yamejaa. "Na kama sitaki ufungashe?"

"Hilo nalo uniambie," nikasema. "Usingoje mpaka hakimu akuulize."